Risasi Iliyobaki Kando ya Barabara

Tumezoea kusema petroli yenye risasi ni habari ya zamani. Kenya na Tanzania zilikuwa zimeachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006, na Agosti 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza, kutoka Nairobi, kwamba hakuna tena nchi inayoiuza kwa ajili ya magari. Kwangu habari hiyo haijaisha. Imehamia ardhini.

Ilianzia Dayton, Ohio, Desemba 1921, Thomas Midgley wa General Motors alipobaini kwamba tetraethili ya risasi huzuia injini kugonga. Mwaka 1923 ikaingia sokoni. Mwaka 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha Standard Oil huko New Jersey walikufa kwa sumu yake, baadhi wakiwa wameweweseka. Uuzaji ulisimama kwa muda, kisha ukaendelea.

Risasi iliyotoka na moshi ilitua kando ya barabara. Mbona mvua za miaka yote hii hazijaiosha? Jibu liko katika mwanga wa infraredi, ambao William Herschel aliugundua mwaka 1800 kwa kutumia vipimajoto. Vifungo kati ya atomi hutikisika, na kila aina ya kifungo hufyonza mawimbi yake. Mboji ikimulikwa, vikundi vyake vya asidi huacha alama karibu na mawimbi 1,720 kwa sentimita. Ikichanganyika na risasi, alama hiyo hufifia, na nyingine hukua karibu na 1,600 na 1,400. Hapo tunajua risasi imenaswa na nini, ingawa kiasi chake hupimwa kwa njia nyingine. Mara nyingi hubaki sentimita chache za juu, kwenye vumbi wanalochezea watoto.

Kiungo kingine kilichochukua nafasi yake Marekani, MTBE, kina tabia tofauti. Udongo haukishiki vizuri, hivyo hufuata maji. Mwaka 1996 mji wa Santa Monica, California, ulifunga visima vyake vingi kwa sababu hiyo.

Ndiyo maana naona kuuliza kama mafuta yanafaa injini ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni udongo utayafanya nini. Na kama una bustani ya mchicha kando ya barabara kuu ya zamani, swali hilo ni lako pia: pima udongo kabla ya kuvuna.