Mwendo wa Nani? Gari Moshi la Ukoloni na Watembea kwa Miguu wa Masasi na Newala

Katika historia tuliyorithi kwa wakoloni, gari moshi huhesabiwa kuwa zawadi. Tuliambiwa kwamba Mwafrika alikuwa akitembea kwa miguu, Mzungu akaja na reli, na tangu siku hiyo Mwafrika akapanda behewa. Maelezo hayo yangali yamekaa vichwani mwa baadhi yetu. Wa kuyajibu upesi ni mtu wa Masasi au Newala. Kwao karne yote ya 19 ilipita bila kusikika filimbi ya gari moshi. Utawala wa Wajerumani nao ukapita bila reli ile iliyozungumzwa sana kujengwa. Reli ya gari moshi ilipofika Masasi hatimaye, mwaka 1958, ilikaa miaka minne tu, muda ambao mkorosho uliopandwa siku ya ufunguzi ndio kwanza unaanza kuzaa.

Shabaha ya makala haya ni kuchambua jambo moja, nalo ni mwendo. Hoja yetu ni kwamba mwendo wa gari moshi haukuwa suala la ufundi peke yake. Kabla fundi hajachora injini, mwenye fedha alikwisha kuamua ni nani asiyepaswa kucheleweshwa, na ni nani anayeweza kungoja.

INJINI YA MWENDO KASI NI KITU GANI

Tuanze na chombo chenyewe, maana anayezungumza siasa ya chombo asichokifahamu hupiga maneno matupu. Katika injini ya mvuke, moto huchemsha maji ndani ya boila. Mvuke husukuma pistoni. Pistoni husukuma fimbo ya chuma inayozungusha magurudumu. Pistoni ikienda na kurudi mara moja, gurudumu huzunguka mara moja. Kwa hiyo gurudumu kubwa hukata masafa marefu zaidi kwa kila mzunguko. Hapo ndipo ilipo siri ya injini za abiria za Uingereza katika karne ile. Injini aliyoibuni Patrick Stirling mwaka 1870 ilikuwa na magurudumu yenye kipenyo cha futi 8, yaani mtu mrefu akisimama kando yake hafiki juu. Mwaka 1895 makampuni ya reli yalishindana kutoka London hadi Aberdeen, na treni moja ikakata maili 540 kwa saa 8 na dakika 32.

Lakini gurudumu kubwa lina masharti yake. Linataka njia imara, miinuko michache na mabehewa mepesi. Anayetaka kuvuta mzigo mzito mlimani huweka magurudumu madogo, kisha huyaunganisha kwa fimbo ili yote yasukume pamoja. Injini ya namna hiyo ina nguvu nyingi na mwendo mdogo. Basi mtu akiuona urefu wa gurudumu anaweza kukisia kilichokusudiwa kubebwa. Kwa mabepari wa Uingereza, barua, bei za masoko na wafanyabiashara wenyewe vilikuwa vitu vya kukimbizwa. Katika makoloni ya Afrika Mashariki kilichotakiwa kwanza ni kushusha mali bandarini na kupandisha askari bara. Ndiyo maana injini zilizoletwa huku, kwa sehemu kubwa, hazikuwa zile za mashindano.

ABIRIA MMOJA WA UNGUJA

Gari moshi la kwanza la abiria katika nchi yetu halikuletwa na Mjerumani wala Mwingereza mtawala. Lilikuwa la Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar. Mnamo mwaka 1879 alijengewa reli nyembamba, yenye upana wa futi 2, kutoka jumba lake la mjini hadi jumba lake la Chukwani, yapata maili 7. Mwanzoni mabehewa yake ya kifahari yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 Sultani aliagiza injini ndogo ya mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza. Alipofariki mwaka 1888, reli na injini viligeuzwa vyuma chakavu.

Wengine hucheka wakisoma habari hizi, lakini kwa mtu wa Masasi na Newala hakuna la kuchekesha. Hazina ya Sultani ilitegemea karafuu zilizochumwa kwa jasho la watumwa, na ushuru wa bidhaa zilizotoka bara. Katika bidhaa hizo zilikuwamo pembe, sandarusi na mpira wa mwituni, zilizoteremshwa kwa vichwa na mabega hadi Lindi, Mikindani na Kilwa. Kabla ya mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la Unguja, binadamu pia walitozwa ushuru. Mwaka 1876 Askofu Steere wa misheni ya UMCA alitoka Unguja na kundi la watumwa waliokombolewa, akapitia Lindi, na baadhi yao wakafanya makazi Masasi. Walifika huko kwa miguu. Miaka mitatu baadaye Sultani alijengewa reli ya kumpeleka shambani. Jasho la kusini lilichangia mwendo wa abiria mmoja, na wenye jasho wakaendelea kutembea.

TANGA NA MOMBASA

Wajerumani walianza kujenga reli Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza mwaka 1896, na Korogwe mwaka 1902. Kampuni iliyoijenga ilishindwa kifedha, serikali ya kikoloni ikaichukua mwaka 1899. Tazama mwendo huo: Waingereza walikimbia kutoka London hadi Aberdeen kwa saa zisizofika 9, na reli ya Tanga ilihitaji miaka 9 kufika Korogwe. Haikukusudiwa kumfikisha mkulima wa Usambara kwa ndugu zake. Ilifuata mashamba ya walowezi, kwanza ya kahawa, na baadaye ya mkonge.

Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Vibarua wa mkataba zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Baadhi ya injini zake za kwanza zilikuwa zimekwisha kutumika India. Mwaka 1897 mafundi wa viwanda vya mitambo vya Uingereza walidai siku ya kazi ya saa 8, matajiri wakawafungia milango, na mgogoro ukaendelea hadi Januari 1898. Viwanda vya injini vikachelewa, na wajenzi wa reli wakageukia kiwanda cha Baldwin cha Marekani. Hapa msomaji aone jinsi mambo yanavyoshikamana: madai ya mfanyakazi wa Uingereza yalibadilisha injini iliyopita Voi na Nairobi. Mfanyakazi yule na kibarua wa Tsavo hawakufahamiana, lakini fedha iliyowatumikisha ilitoka katika mfuko wa tabaka moja.

KWA NINI KUSINI ILIACHWA

Jibu la kawaida ni la kiufundi. Husemwa kwamba Uwanda wa Makonde una kingo za ghafla, na kwamba juu yake hakuna maji, na injini ya mvuke bila maji ni sufuria tupu. Shida ya maji ni ya kweli. Kina mama wa Newala wameijua kwa vizazi, wakiteremka mabondeni kuteka maji na kupanda nayo kichwani. Lakini jibu hilo halitoshi. Nyika ya Taru nayo haikuwa na maji, na Reli ya Uganda iliipita kwa kusomba maji kwa treni. Ukingo wa Bonde la Ufa ulikuwa mkali kuliko kawaida, na kabla ya njia kukamilika mabehewa yaliteremshwa kwa kamba za chuma. Palipokuwa na haja ya kibeberu ya kuifikia Uganda na chanzo cha Nile, ufundi ulipatikana.

Wajerumani walijadili reli ya kusini, kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa. Haikujengwa, mtaji uliwekwa katika reli ya kati iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Katika hesabu zao kusini ilikuwa na kazi nyingine. Machemba, kiongozi wa Wayao aliyekuwa na ngome yake juu ya Uwanda wa Makonde, aliwakatalia utii kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1899 alipovuka Ruvuma. Kodi ya nyumba ilikwisha kuanzishwa mwaka 1898. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilipita Masasi pia, na baada yake njaa ikatawala sehemu kubwa ya kusini. Kodi ilipokuja bila zao la kuuza wala njia ya kulifikishia sokoni, kilichobaki cha kuuza ni nguvu za mwili. Vijana wakaenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Kwa hiyo kukosekana kwa reli hakukuwa usahaulifu tu. Mahali pasipo na njia ya mazao huzalisha vibarua wa bei rahisi, na mwenye shamba la mkonge hakuwa na sababu ya kulilalamikia jambo hilo.

RELI YA KARANGA

Gari moshi lilifika kusini kwa sababu ya uhaba wa mafuta ya kula nchini Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ili kuzisafirisha karanga hizo, ilijengwa reli kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, hadi Nachingwea, ikafunguliwa mwaka 1949. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa shabaha hiyo hiyo, ikaunganishwa na reli mwaka 1954. Lakini mradi wenyewe ulikwisha kuanguka: mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilifuta katika vitabu vyake paundi milioni 36. Bandari na reli vilikamilika vikingojea karanga ambazo hazikuwako.

Tawi la Masasi lilifunguliwa mwaka 1958. Newala, juu ya uwanda, haikufikiwa kabisa. Mwaka 1962 reli yote ya kusini ilifungwa kwa kuwa ilikuwa ikila hasara, na baadaye vyuma vikang'olewa.

Hapa lazima tujikosoe. Mwaka 1962 tulikuwa tumekwisha kujitawala. Ni kweli kwamba serikali changa ilikuwa na fedha kidogo, na kwamba kila shilingi iliyozibia hasara ya reli ilipungua shuleni na zahanati. Waliofanya uamuzi huo hawakuwa wasaliti. Lakini walipokea hesabu ilivyopangwa na mkoloni: reli ilijengwa kwa ajili ya karanga, karanga hazipo, basi reli haina kazi. Wakati huo huo wakulima wa Masasi na Newala, bila matrekta ya mradi wala wataalamu wake, walikuwa wakipanda mikorosho. Katika msimu wa 1973/74 nchi ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho, sehemu kubwa zikitoka kusini. Zao la mnyonge lilipokomaa, njia iliyojengwa kwa ajili ya zao la bwana ilikuwa imekwisha kung'olewa. Korosho zikapanda malori, na mvua kubwa zilipofika Rufiji, kusini ilikatika na nchi. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003.

Kuna mfano wa pili wa kulinganisha. Mwaka 1964 Benki ya Dunia ilisema reli ya kwenda Zambia haitalipa. Tanzania na Zambia hazikuikubali hesabu hiyo, kwa sababu swali lao lilikuwa jingine: Zambia itapitaje bila kuwapigia magoti walowezi wa Rhodesia na Wareno? Kwa mkopo wa China usio na riba, TAZARA ilijengwa tangu 1970 hadi 1975, kilomita 1,860, na ikachukua abiria wa vijijini pamoja na shaba. Hasara na matatizo ya baadaye ya reli hiyo hayafuti fundisho. Hesabu ya faida hutegemea aliyeandika swali juu ya ukurasa.

FUNDISHO KWA LEO

Mwaka 2024 treni ya umeme ya abiria ilianza kwenda kasi kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Ni mafanikio ya kujivunia, na abiria wake si Sultani mmoja. Kusini nako, mpango wa reli kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, pamoja na matawi ya kufikia makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, umezungumzwa kwa miaka mingi. Siku utakapoletwa mezani kwa uamuzi, kada na mwanafunzi wasiridhike kuuliza treni itakwenda kilomita ngapi kwa saa. Waulize itasimama wapi. Waulize kama mkulima wa Newala atapata ghala na barabara ya kuteremshia korosho zake hadi stesheni, kama nauli ya mama anayempeleka mtoto hospitali imo katika hesabu, na kama makaa ya mawe yakikoma au bei ikishuka reli itaendelea, au itang'olewa tena kwa kuwa bwana wake ameondoka.

Maswali haya yasipoulizwa na wananchi mapema, yatajibiwa na wengine kwa niaba yao. Sultani alijibiwa kwa injini ya Bagnall, walowezi wa Usambara kwa reli ya Tanga, na Waingereza waliokosa mafuta ya kula kwa bandari na reli nzima. Mtembea kwa miguu wa Masasi hakuulizwa hata mara moja, ijapokuwa mizigo mingi ilipita mabegani mwake.