Safu ya Lugha: Hasi si kutoa

Hesabu ikielezwa kwa Kiswahili hapa Nakuru, −5 mara nyingi utasikia ikisomwa "kutoa tano". Basi 3 − (−5) inageuka "tatu kutoa kutoa tano", na mtoto wa Gredi ya 8 ana haki ya kuuliza kinatolewa nini mara mbili. Kutoa ni tendo: una magunia kumi ya viazi, unauza manne. Hasi ni mahali nambari ilipo, chini ya sifuri. Isomwe "tatu kutoa hasi tano", jibu, nane.

Mfugaji wa Njoro atacheka, maana kwake kuhasi, neno la asili ya Kiarabu, ni kumfanya fahali maksai. Hiyo ni maana nyingine. Magazeti nayo yametuzoesha "athari hasi", yaani mbaya. Katika hesabu hamna ubaya: kilele cha Menengai kina mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, chanya, Ziwa Assal la Djibouti liko kwenye mita hasi 155. "Pungufu" pia halifai: nne ni pungufu ya tano, lakini ni chanya. Walimu, alama ya tendo isomeni kutoa. Alama ya nambari, hasi.