Sifuri au Moja? Historia Fupi ya Kuhesabu Nafasi katika Majedwali ya Kompyuta

Makala haya yametokana na kosa langu mwenyewe. Muhula mmoja nilikuwa na darasa la wanafunzi 37 wa Kiswahili, na alama zao za majaribio mawili na mtihani nilikuwa nimezipanga katika jedwali la safu mlalo 37 na safu wima 3. Badala ya kutumia kikokotoo kama nilivyozoea, niliamua kujaribu yale niliyokuwa nikijifunza jioni kwa kujifurahisha, yaani lugha ya programu iitwayo Python. Niliandika mistari sita hivi. Kompyuta haikulalamika. Matokeo yalitoka, nikayachapa, nikayabandika kwenye ubao wa matangazo.

Kesho yake binti mmoja alibisha hodi ofisini. "Shikamoo Mwalimu. Samahani, jina langu halimo." Nikamjibu kwamba labda hakufanya mtihani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilifanya, Mwalimu. Nilikaa mstari wa mbele, karibu na meza yako." Jina lake huanza kwa herufi A, na ndiye wa kwanza katika orodha. Bila matokeo yale asingeandikishwa kwa mazoezi ya kufundisha, na uandikishaji ulikuwa unafungwa siku iliyofuata.

Nilipochunguza niliona nilichofanya. Nilikuwa nimeiagiza kompyuta ipitie orodha kutoka 1 hadi 37. Lakini katika Python nafasi ya kwanza katika safu huitwa 0, si 1. Aidha, agizo la kutoka 1 hadi 37 huishia 36, kwa sababu namba ya mwisho haihesabiwi. Hivyo kompyuta ilimruka mwanafunzi wa kwanza, ikaanza na wa pili na kumaliza vizuri kabisa na wa mwisho. Laiti ingelifika 37 ingelikuta nafasi haipo na kutoa ilani ya kosa. Makosa yangu mawili yalifichana. Nilisahihisha, nikaenda na binti yule kwenye ofisi ya uandikishaji mchana uleule, lakini swali lilibaki: ni nani aliyeamua kwamba wa kwanza aitwe sifuri?

Wanahisabati hawakuamua hivyo. Neno matriksi, kwa maana ya jedwali la namba, lilianza kutumiwa na Mwingereza James Joseph Sylvester mwaka 1850. Walimu wa lugha watapenda kujua kwamba alilichukua kutoka Kilatini, ambamo maana yake mojawapo ni tumbo la uzazi. Aliliona jedwali kama tumbo ambalo hesabu nyingine huzaliwa ndani yake. Rafiki yake Arthur Cayley, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi ya uanasheria jijini London, alichapisha mwaka 1858 makala iliyoweka kanuni za kujumlisha na kuzidisha majedwali hayo. Katika mapokeo hayo, ambayo ndiyo tunayofundishwa shuleni, safu mlalo ya juu kabisa ni ya 1, na safu wima ya kushoto kabisa ni ya 1.

Lugha ya kwanza ya programu kuenea sana, FORTRAN, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957 chini ya uongozi wa John Backus, iliwafuata wanahisabati hao. Jina lenyewe ni ufupisho wa maneno yenye maana ya kutafsiri fomula. Waliolengwa walikuwa wanasayansi na wahandisi wenye fomula zao tayari, na fomula zile zilihesabu kuanzia 1. Miaka michache baadaye lugha ya ALGOL 60 ilimwachia mwandishi wa programu uhuru wa kutaja mwanzo na mwisho wa safu yake, hata aanze na namba hasi akitaka. Naye Kenneth Iverson, Mkanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa mwaka 1962 kitabu kuhusu mfumo wake wa alama, ambao ulikuja kuwa lugha ya APL. Humo mtumiaji aliweza kuchagua kati ya 0 na 1. Iverson anatuhusu sisi watu wa lugha kwa namna ya pekee, kwani alipopewa Tuzo ya Turing mwaka 1979 hotuba yake ilihusu alama za uandishi kama chombo cha kufikiria.

Sifuri iliingia kwa mlango mwingine, na hapa naomba msomaji avute ubao wa bao. Mchezaji anapochota kete katika shimo, kete ya kwanza haidondoshwi katika shimo lilelile bali katika linalofuata. Ukiulizwa shimo fulani liko umbali gani kutoka mkono ulipochota, jirani ni hatua 1, anayefuata ni hatua 2, na shimo lenyewe ulipochota ni hatua 0. Hivi ndivyo mashine inavyoiona safu. Inajua anwani ya mahali safu inapoanzia, na namba unayoipa ni hatua za kusogea kutoka hapo. Ukitaka kitu cha kwanza, usisogee, yaani hatua sifuri. Lugha ya BCPL, iliyobuniwa na Martin Richards wa Cambridge mwaka 1967, ilifuata mtazamo huo. Kutoka kwake ilitokea B, na kutoka B, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikatokea C ya Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani. Watoto na wajukuu wa C ni wengi mno, na kwa sehemu kubwa ndio waliotuletea sifuri mezani.

Msemaji hodari wa upande wa sifuri alikuwa Mholanzi Edsger Dijkstra. Mwezi Agosti 1982 aliandika waraka mfupi unaoeleza kwa nini uhesabuji wa nafasi uanze na sifuri. Hoja yake haikuhusu anwani za mashine hata kidogo, bali uandishi ulio wazi. Alisema ni bora mpaka wa chini uhesabiwe na wa juu usihesabiwe, kwa sababu ukitoa mpaka wa chini kutoka wa juu unapata idadi kamili ya vitu. Ukiukubali utaratibu huo na kuanza na sifuri, wanafunzi 37 wanakuwa 0 hadi 37, bila kuongeza wala kupunguza moja. Kumbe kanuni iliyonifichia kosa langu ilibuniwa ili kuzuia makosa ya aina hiyohiyo! Nakiri hoja yake ni nzuri. Nakiri pia kwamba ningeipenda zaidi kama nisingekutana nayo mbele ya ubao wa matangazo.

Wengine hawakushawishika. Cleve Moler wa Chuo Kikuu cha New Mexico, aliyetengeneza MATLAB mwishoni mwa miaka ya 1970 ili wanafunzi wake wafanye hesabu za matriksi bila kulazimika kuandika FORTRAN, alibaki na 1. Lugha ya R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland katika miaka ya 1990 na inayopendwa na wanatakwimu, nayo huanza na 1. Python, iliyotolewa mwaka 1991, na maktaba yake ya safu iitwayo NumPy, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2006, zinaanza na 0. Mimi nilikuwa nimejifunza R kwanza.

Sisi wa Kiswahili tusijidai wageni katika mgogoro huu. Saa yetu hupima hatua kutoka alfajiri, na saa moja asubuhi ni pale saa nzima inapokuwa imekwishapita. Waganda nao husema ssaawa emu kwa wakati uleule. Tazama pia jedwali la ngeli. Namba tunazozitumia zina asili katika kazi ya Wilhelm Bleek, ambaye sehemu ya kwanza ya sarufi yake linganishi ilitoka mwaka 1862, na baadaye Carl Meinhof akaiendeleza. Ndiyo maana katika Kiswahili sanifu tunaruka kutoka 11 hadi 14. Nafasi za 12 na 13 ni tupu kwetu, lakini mwanafunzi kutoka Rwanda anazijaza mara moja kwa akana na utwana. Hizo ni anwani katika safu ya pamoja ya lugha za Kibantu, si idadi ya ngeli zetu. Wanaopendelea A-WA na KI-VI wameacha namba na kutumia majina, jambo ambalo Python pia inaliruhusu, na aina hiyo ya hifadhi inaitwa, amini usiamini, kamusi.

Kuhusu kuzidisha, nitoe tahadhari moja tu. Jaribio la kwanza lina uzito wa asilimia 20, la pili 20 na mtihani 60. Mwenye alama 70, 60 na 50 anapata 14 jumlisha 12 jumlisha 30, yaani 56. Kuzidisha jedwali zima kwa safu ya uzito na kujumlisha kila mstari namna hii ndiyo kanuni ya Cayley. Katika MATLAB alama ya nyota hufanya kazi hiyo. Katika NumPy nyota huzidisha kila namba na mwenzake bila kujumlisha, nawe unabaki na safu wima tatu pale ulipotarajia moja. Kanuni ya Cayley ilipewa alama yake, @, katika Python 3.5 mwaka 2015.

Siku hizi, wanafunzi wanaotaka kujifunza, naanza nao kwa bao. Ubao ni matriksi ya 4 kwa 8, na ule wa omweso wa Uganda na igisoro ya Rwanda ni hivyohivyo. Tunajaza sifuri kote. Kisha kila mchezaji anawekewa kete 6 katika nyumba na 2 katika kila shimo kati ya mawili yaliyo kulia kwake. Tunaiomba kompyuta ijumlishe, inajibu 20. Zilizobaki mikononi ni 44, jumla 64. Nyumba, kwa mchezaji aliyekaa upande wa chini, ni shimo la tano kutoka kushoto. Kila mwaka yupo anayeandika 5, akaiona nyumba imehamia kwa jirani, na hapo ndipo ninapomsimulia habari ya binti wa herufi A.