Vimelea vya nyama ya ngamia visivyoonekana na mkaguzi

MNUNUZI wa nyama ya ngamia katika mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi hutafuta kwanza muhuri wa mkaguzi, na akiuona moyo wake hutulia. Muhuri huo una thamani yake, kwani ni ushahidi kwamba nyama imekaguliwa kama inavyotakiwa na Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356. Hata hivyo, vimelea vinavyopatikana kwa wingi katika misuli ya ngamia kwa kawaida ni vidogo mno, na kisu cha mkaguzi hupita juu yake bila kuviona.

Kitaalamu vimelea hivyo huitwa Sarcocystis cameli. Vilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1910, kutokana na ngamia wa Misri. Hujificha katika vifuko vyembamba ndani ya nyuzi za misuli, hasa kwenye umio, kiwambo, ulimi na moyo, na ili kuvitambua inalazimu kipande cha nyama kipelekwe maabara na kutazamwa kwa darubini.

Mwenezaji wake ni mbwa. Watafiti wa Misri walilithibitisha jambo hilo mwaka 1980. Mbwa akila nyama mbichi yenye vifuko hivyo, vimelea huzaana katika utumbo wake, kisha hutoka na kinyesi vikiwa vijiyai visivyoonekana. Mbwa mwenyewe kwa kawaida haonyeshi dalili zozote. Vijiyai huchafua malisho na maji, ngamia huvimeza, vimelea hupenya mishipa ya damu na hatimaye hutua kwenye misuli. Mtu angedhani kwamba ngamia, mnyama anayekula majani ya juu mitini, ameepukana na balaa hilo. Lakini ngamia hunywa kwenye mabirika ya visima pamoja na mifugo wengine, na hulala bomani, ambako mbwa hawakosekani.

Je, mlaji yumo hatarini? Hapa pana haja ya kutenganisha mambo, kwa kuwa hofu isiyo na msingi humwumiza mfugaji bure. Vimelea vya jamii hiyo vinavyojulikana kumwingia binadamu kwa njia ya kula nyama ni vile vya ng'ombe na vya nguruwe. Hiki cha ngamia hakimo katika orodha hiyo.

Anayestahili kuogopwa zaidi ni Toxoplasma gondii, kimelea anayeenezwa na paka, ambaye naye hujificha katika misuli ya ngamia bila kuonekana. Watu wengi wenye afya humbeba bila kujua. Kwa mama mjamzito aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza, kimelea huyo anaweza kuharibu mimba au kumdhuru mtoto macho na ubongo, na wagonjwa ambao kinga ya mwili imedhoofika wamo hatarini vilevile.

Wapo pia vimelea ambao mkaguzi huwaona. Buu wa tegu wa fisi, Taenia hyaenae, hukaa kwenye misuli ya ngamia kama lengelenge dogo lenye maji. Binadamu hapati tegu huyo, lakini kwa macho ni vigumu kumtofautisha na buu wa tegu wa ng'ombe, ambaye humwingia mtu. Nyama yenye malengelenge ya namna hiyo haiuziki, na hasara humwangukia mfanyabiashara aliyemleta mnyama kutoka Wajir, Mandera au Marsabit.

Dawa ya mlaji ni moto. Nyama ikipikwa hadi katikati yake ifikie nyuzi joto 70, vimelea hivi vyote hufa. Nyama ya ngamia mzee ni ngumu, hivyo huchemshwa muda mrefu, na nyirinyiri hukaangwa vikali katika mafuta kabla ya kuhifadhiwa. Mapishi hayo ni salama kuliko nyama choma iliyoungua nje na kubaki nyekundu ndani. Kukausha juani peke yake hakutoshi. Kugandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku kadhaa husaidia, ingawa majokofu mengi ya nyumbani, umeme ukikatika kila mara, hayadumishi baridi hiyo. Ubao na kisu vilivyokatia nyama mbichi vioshwe kabla ya kukatia kachumbari.

Kwa ngamia mwenyewe, kinga iko nyuma ya kichinjio, pale mapande ya umio na kiwambo yanapotupiwa mbwa. Yakichemshwa kwanza au kufukiwa kwenye shimo refu, mzunguko wa kimelea hukatika. Katika nyika kazi ni nzito zaidi: wakati wa ukame ulioikumba Kenya kati ya mwaka 2020 na 2023, mizoga ya mifugo ilizagaa kandokando ya njia, na mbwa na fisi wakaila ikiwa mbichi.