Beji ya mwenyeji bora: maana yake kwa nyumba za Arua na Koboko

Beji ya Superhost hutolewa na Airbnb kwa wenye nyumba za kupangisha kwa siku chache. Mgeni anaweza kuitumia kuchagua nyumba. Hukaguliwa kila miezi 3 kwa rekodi ya mwaka mzima: alama 4.8 kati ya 5, wageni wasiopungua 10 (au 3 waliolala jumla ya usiku 100), kujibu asilimia 90 ya maulizo, na kufuta nafasi chini ya asilimia 1.

Sharti la mwisho ndilo gumu mpakani. Mwenye nafasi chini ya 100 kwa mwaka akifuta moja tu bila sababu inayokubalika, hupoteza beji. Dereva akikwama forodhani Oraba au Vurra na kuomba kuongeza usiku, tazama kalenda kwanza. Wageni wanaokuja kwa simu hawahesabiwi.