Redio na Lugha katika Vita vya Bunia, 2003

Mwaka 2003 una nafasi ya pekee katika historia ya utangazaji wa Ituri. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kilichogombewa Bunia mwaka huo hakikuwa mji na mitambo pekee, bali pia imani ya msikilizaji.

Redio Candip ilizaliwa katika miaka ya 1970, chini ya Chuo Kikuu cha Ualimu cha Bunia (ISP). Shabaha yake ilikuwa elimu ya watu wa vijijini. Vita vikaipotosha shabaha hiyo. Agosti 2002 kundi la UPC liliutwaa mji, na redio ya walimu ikatumika kutangaza maneno ya watawala wapya. Tarehe 6 Machi 2003 jeshi la Uganda liliwafukuza UPC. Mei likaondoka, na katika siku chache UPC wakarudi baada ya mapigano makali. Mwezi Juni kikosi cha Ulaya kilichoongozwa na Ufaransa kiliwasili kwa idhini ya Azimio 1484 la Umoja wa Mataifa.

Wakati huo redio nyingine ilikwisha kuzaliwa. Redio Okapi ilianzishwa tarehe 25 Februari 2002 na MONUC pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi, ikapewa jina la mnyama wa misitu ya Ituri. Ilitangaza kwa Kifaransa, Kilingala, Kikongo, Kiluba na Kiswahili, na baadaye ikawa na kituo Bunia kwenyewe.

Kwa Bunia, Kiswahili kilikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa si lugha ya asili ya Wahema wala ya Walendu. Hata hivyo, haifai kudhani kwamba lugha ya pamoja huleta amani yenyewe. Wahema wa kaskazini, yaani Wagegere, husema Kilendu, lugha ya jirani waliyepigana naye. Kusikilizana kwa maneno hakukuzuia damu kumwagika.

Hivyo basi, funzo la mwaka 2003 ni kwamba lugha hufungua mlango tu. Anayeingia humo, mwalimu au mwenye bunduki, ndiye anayeamua kama msikilizaji ataamini au ataogopa.