Ukomo wa Umri na Janga la UVIKO-19: Mashindano ya Vijana ya CECAFA ya Mwaka 2020 Yakitazamwa kutoka Nyasubi, Kahama

1.0 Utangulizi

Nyasubi ni kata ya mjini Kahama, mkoani Shinyanga. Mji huu umekaa kwenye barabara kuu itokayo Isaka kwenda mpaka wa Rusumo, njia ya mizigo ya Rwanda, na umo ndani ya ukanda wa dhahabu unaoendelea hadi Geita. Insha hii inaichukua kata hiyo kama mahali pa kutazamia tukio lililofanyika mbali nayo, yaani mashindano ya vijana yaliyoandaliwa na Baraza la Vyama vya Soka vya Afrika Mashariki na Kati (CECAFA) mwishoni mwa mwaka 2020, wakati janga la UVIKO-19 likiendelea.

Mashindano hayo yalikuwa mawili. La vijana chini ya miaka 20 lilichezwa Arusha na Karatu kuanzia tarehe 22 Novemba hadi tarehe 2 Desemba. La vijana chini ya miaka 17 lilichezwa Rubavu, magharibi mwa Rwanda, na fainali yake ikafanyika tarehe 22 Desemba. Yote mawili yalikuwa hatua ya kufuzu fainali za Afrika za umri husika. Kwa kuwa yalianza na kumalizika, ni rahisi kuyahesabu kuwa ushahidi kwamba soka ya vijana ilinusurika. Hoja ya insha hii ni kwamba hesabu hiyo haitoshelezi. Katika soka ya vijana umri wa mchezaji una ukomo, na kwa sababu hiyo shindano lililofutwa haliwezi kurudishwa kwa wale waliolistahili.

2.0 Ngazi ya Kupandia na Kukatika Kwake

Kijana wa Nyasubi anayetaka kuonekana katika soka hupitia kwanza shuleni. Michezo ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari humtoa mchezaji shuleni kwake hadi ngazi ya mkoa, kisha taifa. Kwa mikoa iliyo mbali na Dar es Salaam, ngazi hii ina uzito wa pekee, kwa kuwa huwafikisha vijana mbele ya macho ya makocha wasiofika katani.

Tarehe 16 Machi 2020 Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa UVIKO-19. Siku iliyofuata, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule na kusitishwa kwa mikusanyiko, ikiwemo ya michezo. Michezo iliruhusiwa tena kuanzia tarehe 1 Juni, na shule zote zikafunguliwa tarehe 29 Juni. Kusimama huko kulikuwa kufupi kuliko kwa nchi nyingi za jirani. Hata hivyo, kuliangukia kipindi ambacho shule huchagua timu zao, na michezo ya taifa ya shule ya mwaka huo haikufanyika.

Athari ya jambo hilo katika ukanda wa dhahabu haina budi kupimwa kwa mazingira yake. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu ajira ya watoto katika machimbo madogo ya dhahabu nchini Tanzania, Kahama na Geita zikiwa miongoni mwa wilaya zilizochunguzwa. Ripoti hiyo ilitangulia janga kwa miaka saba, hivyo haiwezi kutumika kueleza yaliyotokea mwaka 2020. Inachokieleza ni kwamba mahali hapa mvulana aliye nje ya darasa ana mlango mwingine ulio wazi. Shule, uwanja na shimo la dhahabu hugombania miaka ileile ya maisha yake.

3.0 Mashindano Mawili, Sera Mbili

Mashindano ya Arusha na Rubavu yalifanyika chini ya sera zilizotofautiana mno. Tanzania ilikuwa imeacha kutoa takwimu za maambukizi tangu mwishoni mwa Aprili 2020, na viwanja vyake vilikuwa na watazamaji. Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza barani kufunga shughuli zake, mwezi Machi 2020, na hadi Desemba haikuwa imewarudisha watazamaji viwanjani. Tofauti hiyo ilikuwa imekwisha kuonekana kwenye barabara ipitayo Kahama. Mwezi Mei, madereva wa malori wa Tanzania waligoma Rusumo kupinga utaratibu wa Rwanda uliowataka wakabidhi magari kwa madereva wengine mpakani.

Kwa hiyo, vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 20, Ngorongoro Heroes, walicheza nyumbani katika nchi iliyokuwa imetangaza kuvuka janga, ilhali wadogo zao, Serengeti Boys, walicheza katika nchi iliyokuwa bado inapambana nalo waziwazi. Pamoja na tofauti hiyo, matokeo yalifanana. Katika mashindano yote mawili Uganda na Tanzania zilifika fainali, na Uganda ikashinda zote, mabao 4-1 Karatu na 3-1 Rubavu. Vilevile, katika yote mawili wawili hao walipata tiketi za fainali za Afrika. Mtafiti anayeishia hapa ataona kwamba sera za afya hazikubadili jambo uwanjani.

4.0 Siku Mbili za Machi 2021

Tofauti ilijitokeza baadaye. Tarehe 24 Desemba 2020, siku mbili tu baada ya fainali ya Rubavu, Shirikisho la Soka Duniani (FIFA) lilifuta Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 na lile la chini ya miaka 20 yaliyopangwa kufanyika mwaka 2021. Peru na Indonesia, zilizokuwa ziwe wenyeji, zilipewa uenyeji wa mwaka 2023. Nchi wenyeji zilifidiwa, lakini wachezaji hawakuwa na fidia ya namna hiyo.

Fainali za Afrika za chini ya miaka 20 ziliendelea nchini Mauritania na kumalizika tarehe 6 Machi 2021, Ghana ikiifunga Uganda 2-0. Mshambuliaji wa Uganda, Derrick Kakooza, aliibuka mfungaji bora kwa mabao matano, na mwaka huohuo akasajiliwa na klabu ya Valmiera ya Latvia. Tarehe 8 Machi, siku mbili baada ya fainali hiyo, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilifuta fainali za chini ya miaka 17 zilizokuwa zianze Morocco tarehe 13 Machi. Washindi wa Karatu walikwishaonekana na mawakala. Washindi wa Rubavu walibaki na tiketi ya safari isiyokuwapo.

Kanuni ya umri ndiyo iliyofanya ufutaji huo uwe wa kudumu. Wachezaji wa Rubavu walitakiwa kuwa wamezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2004. Fainali zilizofuata, za Algeria mwaka 2023, zilihitaji waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2006. Waliozaliwa mwaka 2004 na 2005 walirukwa. Inaweza kudaiwa kwamba bado walikuwa na fainali za chini ya miaka 20 za mwaka 2023. Kwa Watanzania dai hilo halina nguvu, kwani nafasi za kanda hii zilichukuliwa na Uganda na Sudan Kusini.

5.0 Je, Ilikuwa Lazima?

Swali linalobaki ni iwapo hasara hiyo ilitokana na ugonjwa wenyewe au na uamuzi wa wasimamizi. Ulinganisho na mashindano mengine ya kipindi hicho unasaidia kulijibu. Fainali za Mataifa ya Afrika zilisogezwa kutoka Januari 2021 hadi Januari 2022. Michuano ya CHAN ya Cameroon, ambayo Tanzania ilishiriki, ilisogezwa kutoka Aprili 2020 hadi Januari 2021. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliposogezwa kwa mwaka mmoja, kanuni ya umri katika soka ya wanaume ilisogezwa nayo, na waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1997 wakaruhusiwa kucheza mwaka 2021 ingawa baadhi yao walikuwa wamevuka miaka 23.

Mfano wa Tokyo unaonesha kwamba ukomo wa umri ni kanuni iliyoandikwa na watu, na uliweza kusogezwa pale walipotaka. Huenda gharama na ratiba zisingeruhusu jambo hilohilo kwa vijana wa miaka 17. Hata hivyo, kwa mujibu wa maamuzi yaliyotolewa, mashindano ya wakubwa yaliahirishwa na ya wadogo yakafutwa, ilhali wadogo ndio ambao muda haukuwasubiri.

6.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba historia ya soka ya vijana wakati wa UVIKO-19 haiwezi kuandikwa kwa kuorodhesha mashindano yaliyofanyika na yasiyofanyika pekee. Kizazi cha waliozaliwa 2004 na 2005 kilipoteza ngazi mbili, ya chini shuleni mwaka 2020 na ya juu barani mwaka 2021. Hasara ya juu inajulikana kwa sababu ina tarehe na tangazo. Ya chini haina tangazo, kwani kijana wa Nyasubi ambaye hakuchaguliwa kwa kuwa hapakuwa na uchaguzi hakuandikwa popote. Watafiti wa historia ya michezo wanashauriwa kuanzia huko, kwenye daftari za shule na kumbukumbu za maofisa michezo wa halmashauri, kabla hazijapotea.